Mume Wangu Hakai

Mume wangu hakai. Sisemi hakai nyumbani, la, nyumbani yupo, tena yupo kupita kiasi. Nasema makalio yake na kiti hayajapatana tangu nimjue. Chai anakunywa kasimama mlangoni. Taarifa ya habari anaisikiliza akizunguka meza. Siku aliyokuja kwetu kuniposa alikaribishwa kiti, akakaa, akainuka, akaenda kuchezea bawaba ya dirisha, na shangazi yangu akaninong'oneza, "Huyu ana siafu ndani ya suruali, au ana mke mwingine anamsubiri nje?" Nikamwambia, "Shangazi, ndivyo alivyo." Na ndivyo alivyo mpaka leo, kichwa kimejaa mvi na goti moja bovu.

Labda kazi ndiyo iliyomharibu, labda alizaliwa hivyo kazi ikamfaa, sijui. Alikuwa mkaguzi wa magari mpaka alipostaafu. Na gari halikaguliwi kwa kukaa. Unalizunguka. Unagonga hapa, unainama pale, unamwambia dereva akanyage breki wewe ukiwa nyuma unatazama taa. Na mkaguzi hasemi lililo zima. Taa zikiwaka anapita, breki zikishika anapita, mdomo anaufungua kwa ajili ya ubovu tu. Sidhani kama kuna dereva aliyewahi kusikia neno "vizuri" likitoka kinywani mwa mume wangu. Pale yadi walimwita Mzunguko, jina likamfuata mpaka nyumbani, na mimi mwenyewe nikikasirika namwita hivyohivyo.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, umpe binti.

Tunaye huyo mmoja tu. Mchana yuko mapokezi kwenye kliniki ya meno, anapokea watu wenye mashavu yaliyovimba na kuwaambia haitauma. Mwenyewe anasema hapo ndipo alipojifunza kudanganya kwa uso mkavu, na kwamba ingekuwa hasara kuuacha ufundi huo mapokezi. Basi akajiunga na kikundi cha maigizo kinachokutana katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Hakuna anayelipwa. Kiongozi wao ni mfamasia mmoja mpole, kuna muuguzi, kuna fundi viatu, na kuna mzee anayeuza magodoro ambaye hucheza wafalme wote, apende asipende mtu.

Wana kipande kimoja cha zamani wanachokiheshimu, kilichochezwa tangu babu zetu hawajazaliwa. Mtumishi amesimama nje ya mlango na bakuli kubwa lenye mfuniko. Ndani, bwana wake na wageni wanangoja kuku. Kuku hayupo, mtumishi amemla njiani kutoka jikoni. Basi anabaki pale peke yake akifanya mazoezi ya uongo atakaousema. Mara ni paka. Mara ni upepo. Mara kuku mwenyewe aliomba ruhusa. Kisha anaanza kujijibu kwa sauti ya bwana, anajigombeza, anajifukuza kazi, anajiombea msamaha, anajisamehe, na mwishowe amejiamini kiasi kwamba anafunua bakuli ili apakue. Anakuta tupu. Anashtuka kweli: nani amekula? Na taa zinazimwa. Kila anayejiona hodari wa kuchekesha lazima apitie hapo, na wengi wameaibikia hapohapo.

Binti yangu alikicheza mara ya kwanza mwaka juzi. Alikuja na mume wake, mtoto wao na wakwe zake, wamependeza, na sisi tukapewa viti vya mbele. Katikati ya maneno, akapotewa. Akasimama na bakuli lake, kimya, midomo inacheza na hakuna kinachotoka. Jamani, nilishika roho mkononi. Nikanyoosha mkono nimshike mume wangu, nikashika hewa. Kiti kitupu, mwanaume kashatoka nje! Maneno yalimrudia binti, akamaliza, watu wakapiga makofi. Lakini kile kiti alikiona, kilikuwa mstari wa mbele, angekosaje?

Yangeishia hapo ningeyazima mwenyewe kwa chakula na maneno matamu. Wapi! Tumerudi nyumbani, wakwe wako mezani, Mzunguko anazunguka meza na sahani mkononi, akaanza. Sauti inamezwa na pazia. Mkono wa kushoto hauna kazi. Pale pa paka umeharakisha. Moja baada ya jingine, utadhani yuko yadi, na baba mkwe wa mtu anatazama sahani yake kama imeandikwa kitu. Binti yangu akaweka kijiko chini.

"Na mwisho, Baba?" akauliza taratibu. "Mwisho niliuchezaje?"

Mume wangu akazunguka meza tena, sahani mkononi.

"Hujui. Hukuwepo."

Akambeba mtoto wake, akaondoka, mume wake na wakwe wakamfuata. Tangu siku ile hakukanyaga tena kwangu. Mjukuu nikawa namwona kwa kuibia, kwenye benchi la kliniki, namlisha biskuti huku wagonjwa wakitutazama kwa uchungu. Baba na binti wakawa wanasalimiana kupitia kwangu, mimi posta. "Mwambie baba yako asiache dawa ya goti." "Mwambie binti yako tairi za mbele zimekwisha." Alijuaje habari za tairi? Alikuwa akienda pale kliniki kulizunguka gari lake wakati yeye yuko ndani! Nilimwambia, "We mwanaume, si uingie umsalimie mtoto wako?" Akasema, "Nikamwambie nini?" Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga, sikujua nianze na lipi.

Basi mwezi uliopita simu ikalia.

"Mama, nacheza tena. Kipande kilekile, Jumapili alasiri. Mwambie Baba aje, akitaka."

Nikaanza kushangilia, akanikata.

"Lakini akiinuka tena, basi. Nimechoka. Sitamwita tena, na wewe usiniulize tena nitakuja lini nyumbani."

Nikakata simu, nikaenda kumkalisha mume wangu chini, yaani nikamsimamisha jikoni, maana ndiyo namna yake ya kukaa. Nikamtaka ahadi mbili. Ya kwanza, atakaa mpaka mwisho. Ya pili, akipewa nafasi ya kusema, atasema mazuri tu.

"Mazuri yapi?"

"Yatafute!"

"Sijui huwa yanakaa wapi," akasema, na hakuwa anatania.

Akaanza mazoezi ya kukaa. Msicheke. Mtu mzima anakaa kwenye kiti cha jikoni, anashika magoti yote mawili, anatazama ukuta kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mimi nakoroga mchuzi, nikigeuka namkuta kasimama juu ya kiti kilekile anakaza balbu. "Kaa!" "Nimekaa." "Umekaa wapi, uko darini!" Nami nikaambukizwa. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu, nakunja nguo zilizokwisha kukunjwa, nasikia mlango wa jirani nafikiri ni binti yangu. Siku ya Jumapili tulifika ukumbini kabla hata ya mwenye ufunguo.

Lazima niwaeleze desturi ya watu wale. Mchezo ukiisha, mchezaji hashuki. Anawekewa kiti katikati ya jukwaa, taa za ukumbi zinawashwa, na mwenye neno lake anasimama kulisema. Mchezaji hana ruhusa ya kujibu mpaka wote wamalize. Kiti chenyewe wamekipa jina la Kinyozi, maana ukikikalia unanyolewa. Mimi nilikitazama pale pembeni kikisubiri, nikaomba Mungu anifungie mume wangu mdomo na amfunge na miguu.

Taa zikapungua. Binti yangu akatoka amevaa shati la mume wake lililomzidi mikono, bakuli kifuani. Akatazama mlango, akatazama bakuli, akatuangalia sisi, akajipangusa mdomo kwa mkono wa shati, mara moja tu. Watu wakacheka kabla hajasema neno. Ee Mungu, nilisahau hata kuogopa. Uongo wa paka ulipita vizuri, wa upepo ukapita, na pale kuku alipoomba ruhusa fundi viatu alicheka mpaka akakohoa, muuguzi akawa anampiga mgongoni. Pembeni yangu goti la mume wangu lilikuwa linaruka. Nikaliwekea mkono. Likaruka na mkono wangu.

Kisha akafika anapojibu kwa sauti ya bwana. Palepale pa mwaka juzi. Akavimbisha kifua, akafungua kinywa, na hakuna kilichotoka.

Midomo inacheza. Nikasikia kiti cha pembeni kikilia, nikamrukia mume wangu, nikamshika shati. Alikwenda. Nilibaki na kifungo cha shati mkononi.

Sikugeuka. Sikutaka kuona mlango ukifungwa. Nilimtazama binti yangu, naye alikuwa anakitazama kile kiti kitupu, na uso wake ukawa wa mtoto mdogo aliyesahauliwa shuleni. Nikasema moyoni, basi, kwisha habari yetu. Mjukuu wangu atakua nikimlisha biskuti kliniki.

Halafu akashusha macho, akaliambia bakuli kwa ukali, "Na wewe usinitazame hivyo!"

Sijui kama maneno hayo yamo kwenye mchezo. Ukumbi ulilipuka. Na kelele zile zikamletea sauti ya bwana, ikatoka nene, akaanza kujigombeza, akajifukuza, akapiga magoti kujiombea, akajiinua mwenyewe kwa kola. Alimaliza. Akafunua bakuli ili apakue, akatuinulia macho kidogo, kisha akayarudisha ndani ya bakuli na kushtuka. Taa zikazimwa. Makofi yalikuwa mengi, na mimi nilipiga yangu nikiwa nimefumbata kifungo.

Taa za ukumbi zilipowashwa ndipo nikapata ujasiri wa kugeuka. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na dirisha la mwisho, jasho linamtoka, shati wazi kifuani. Alitoka akarudi, au hakutoka? Sikujua. Binti yangu naye alimwona, na niliona anajiuliza hilohilo.

Akakalia Kinyozi. Mfamasia akaanza, kwa upole wake. "Leo umetuchekesha. Ila unakimbia. Mtu hajamaliza kucheka, wewe umeshafika kwa upepo. Mpe nafasi apumue." Muuguzi akasema sauti ya bwana na ya mtumishi zilikaribiana mno kule kwenye msamaha, akashindwa kujua nani anamsamehe nani. Mzee wa magodoro akasema yeye angekicheza kwa ukubwa zaidi.

"Wewe hata kikombe cha chai unakishika kwa ukubwa," akajibu fundi viatu, na watu wakacheka.

"Na mzee wetu pale nyuma?" akauliza mfamasia. "Una neno?"

Mume wangu akasogea hatua moja. Akanitazama mimi.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Mwanzo nzuri. Kati nzuri. Yote... nzuri."

Alisema kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Na nikaona uso wa binti yangu unafungwa, taratibu, kama dirisha la ofisi saa ya kufunga. Lo! Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini na ahadi zangu. Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kusifu hata mkate, leo anasifu kila kitu. Nani angeamini kwamba aliona lolote? Nilitamani ardhi inimeze na kiti changu.

Binti akavunja desturi. Akasema kutoka kwenye Kinyozi, "Baba, mwisho umeuona?"

"Nimeuona."

"Basi sema kosa lake."

Mume wangu akahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. "Mama yako amenikataza."

Watu wote wakanigeukia. Ukumbi mzima, na mimi nimekaa na kifungo changu. Nilisikia joto kutoka kisogoni mpaka visiginoni.

"Sema!" nikapiga kelele. "Sema, we Mzunguko, kabla hujapasuka!"

Mnajua kufungulia mbwa? Akaondoka pale dirishani, akaanza kutembea kandokando ya ukuta, na kila alipofika akaonyesha kwa kidole. "Hapa nilisimama ukijiombea msamaha. Neno halifiki. Hapa, upande wa mlango, linafika, kwa sababu unapenda kugeukia mlangoni. Hapa nyuma, sauti ya bwana naisikia, ya mtumishi inazama." Alikuwa ameuzunguka ukumbi wote! Tulipokuwa tukicheka, yeye alikuwa nyuma yetu anamkagua mtoto wake kutoka kila pembe. "Na bakuli umelibeba jepesi tangu unatoka. Lori tupu na lori lenye mzigo hayasimami sawa. Hata mtoto angejua hamna kitu ndani."

Binti yangu akasimama. "Hapo umekosea, Baba. Watu lazima wajue hamna kitu. Ndiyo maana wanacheka. Asiyejua ni bwana, na bwana yuko ndani."

Mume wangu akasimama. Akatazama dari, akakuna kidevu.

"Haya," akasema. "Hilo nalifuta."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mwanaume huyu alishawahi kubishana na daktari kuhusu goti.

"Na pale niliposahau," akasema binti, sasa kwa sauti ndogo. "Nilijua umetoka. Kama mwaka juzi."

"Mwaka juzi nilitoka."

"Kwa nini?"

Nilifikiri atazunguka tena. Alibaki pale. Mikono akaitia mfukoni, akaitoa, akaitia tena.

"Gari likikatika breki mlimani, mimi nikiwa nje nina la kufanya. Nitakimbia, nitatafuta jiwe, nitapiga kelele watu wapishe. Lakini niwe ndani, nimekaa tu, na aliyeshika usukani ni mwanangu..." Akatikisa kichwa. "Siwezi, mama. Si kwamba sikutaka kukuona. Niliogopa."

"Na leo?"

"Leo pia. Nimeshika lile dirisha mpaka likalia."

Hata mzee wa magodoro alikuwa mdogo kwenye kiti chake. Mimi machozi yalikuwa yameshaanza, na leso nimeisahau nyumbani kwa ajili ya haraka.

"Limebaki moja," akasema mume wangu. "Mwisho. Ulipofunua bakuli ilikupasa utazame ndani, basi. Wewe uliinua macho kwanza. Ukatazama watu, ukatazama huku nyuma, ndipo ukashtuka. Umeshauua mshtuko hapo. Mtumishi hana haja na watu, ana haja na kuku. Kwa nini uliinua macho?"

"Nilikuwa nakutafuta," akasema binti yangu. "Nilitaka kujua kama bado upo."

Mume wangu alisimama katikati ya ukumbi, mbele ya watu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuna kiungo chake hata kimoja kilichotikisika. Kisha akaja mbele, akapita magoti ya watu akiomba radhi, akafika kwenye kiti chake karibu nami, akakaa. Akaegemea kabisa.

"Nipo," akasema. "Rudia hapo mwisho. Na usinitazame."

Mfamasia akasogeza Kinyozi pembeni, akaenda mwenyewe kuzima taa za ukumbi. Binti yangu akajipangusa uso kwa mkono wa lile shati, akachukua bakuli. Akajisamehe kwa sauti ya bwana. Akashukuru kwa sauti ya mtumishi. Akalishika bakuli vizuri, akiwa na furaha zake, akafunua.

Akatazama ndani. Ndani tu. Na uso wake ukaanguka kidogokidogo, kwanza kutoelewa, kisha kuhesabu, kisha kumtafuta mwizi pande zote za bakuli, na watu waliokuwa wamekwisha kuona mwisho huo muda mfupi uliopita wakacheka upya, wengine wakipiga mapaja. Hakuinua macho hata kidogo. Mimi ndiye niliyegeuka kumtazama mume wangu, maana simwamini. Alikuwa amekaa. Goti linaruka, machozi yanamshuka mpaka kidevuni, ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili kama mtu aliyepandishwa kitu kinachokwenda mbio. Lakini amekaa.

Watu walipoanza kutawanyika, binti yangu alishuka, akanipa bakuli nimshikie, akaanza kumfunga baba yake shati. Akakuta kifungo hakipo. Nikafungua kiganja, nikampa.

"Mama," akasema, "nyumbani kuna chakula?"

Nikamwambia kipo, kingi, ila baba yake atatuzunguka na sahani kama kawaida yake.

"Mwache azunguke," akasema.